Mti mkubwa mgonjwa karibu na nyumba: kuutibu, kuupogoa au kuuangusha?

Mwembe wenye majani yaliyojaa madoa meusi hukatwa haraka. Mwarobaini wa pembeni, ambao kichwa chake kingali kijani kibichi, huachwa uendelee kuinamia chumba cha watoto, ingawa shina lake limeota uyoga mgumu chini na ukiligonga linaitika kama ngoma. Nimeyaona haya hapa Mombasa, Kisauni, Tudor na Likoni, na yananisikitisha, kwa sababu mwembe ule ungeishi miaka mingi bado, na mwarobaini ndio utakaolala juu ya paa siku upepo wa kusi utakapokuja pamoja na mvua.

Mwenye mti mkubwa mgonjwa ana njia nne: kuutibu na kuuacha usimame, kuupogoa, kuukata kichwa, au kuuangusha wote. Mafundi wengi watakushawishi uchukue ya tatu. Mimi naiona ndiyo mbaya kuliko zote, na nitaeleza sababu. Lakini kuna maswali mawili yanayotangulia, na majibu yake ndiyo yanayoamua: ugonjwa umekaa wapi, na mti ukianguka utaangukia nini?

Ugonjwa wa juu na ugonjwa wa chini

Magonjwa ya majani, maua na vitawi hutisha macho. Kwenye mwembe utaona madoa meusi juu ya majani machanga na maembe, au unga mweupe juu ya maua. Yote mawili ni kuvu, na unyevunyevu wa mji wetu unayapenda. Pengine utaona masizi meusi yametanda majani yote. Hayo huota juu ya utomvu mtamu unaoachwa na wadudu wanaofyonza majani. Mwembe wenye nguvu huishi na haya yote. Mavuno hupungua, uani hupakaa uchafu, lakini mti hauanguki kwa sababu hiyo.

Kinachoangusha mti ni kuoza kwa shina na mizizi, na hapo majani hayakupi habari mapema. Maji hupanda kupitia tabaka za nje za shina. Mbao ya katikati imekwisha kufa na kazi yake ni kubeba uzito. Kuvu inaweza kuila sehemu hiyo ya ndani miaka na miaka huku kichwa kikichipua na kuchanua bila shida. Kwa hiyo anza ukaguzi wako mguuni.

Uyoga mgumu, bapa, wa rangi ya kahawia, uliojishika kwenye shina usawa wa ardhi ni dalili nzito. Mara nyingi ni wa jamii ya Ganoderma, inayoozesha mizizi na kitako cha shina. Tazama pia gome linalobanduka lenyewe, majimaji meusi yanayochuruzika, ufa wa wima, na udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa mti. Njia za mchwa juu ya gome si hukumu ya kifo, maana mchwa mara nyingi hufuata mbao iliyokwisha kufa, ila zinakwambia kwamba chini yake kuna mbao ya namna hiyo. Mti uliokuwa wima na sasa umeanza kuinama, au uliopasua udongo nyuma yake, hauna nafasi ya kusubiri: wahamishe watu kwenye vyumba vya upande huo leo, kisha umtafute fundi. Mti uliokua umeinama tangu mchanga ni habari nyingine. Minazi mingi ya pwani husimama hivyo mpaka uzeeni.

Na tundu? Watu huliogopa sana, na si kila tundu linastahili hofu hiyo. Mjerumani Claus Mattheck, aliyechunguza kwa nini miti huvunjika, alitoa kipimo ambacho wakaguzi wengi hukitumia: ukuta wa mbao nzima unaozunguka pango uwe karibu theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina, au zaidi. Shina la upana wa sentimita 60 lina nusu kipenyo cha sentimita 30, basi ukuta huo usipungue sentimita 10 hivi. Fundi anayejua kazi hulizunguka shina akiligonga kwa nyundo ya mbao na kusikiliza, na akitilia shaka mahali, hutoboa kwa keekee nyembamba aone unga unaotoka ni mkavu na mgumu au ni laini wa kuoza. Hatoboi ovyo, kwa sababu kila tundu ni jeraha. Kipimo hiki hakitoshi pale pango lilipo wazi upande mmoja au mizizi inapokuwa imeoza. Mbuyu usiupime hivi kabisa. Mbuyu mzee kuwa na pango ni maumbile yake.

Swali la pili ni la kupima kwa hatua. Mti wa mita 12 uliosimama mita 5 kutoka ukutani unaifikia nyumba yako, na huenda na ya jirani. Mti uleule ukiwa mwisho wa kiwanja kitupu unaweza kuachwa uzeeke kwa amani. Ukiwa juu ya chumba cha kulala, tangi la maji, nyaya za umeme au njia wanayopita watoto kwenda madrasa, uvumilivu wako uwe mfupi.

Kuutibu na kuuacha usimame

Hii ndiyo njia nyepesi kwa mfuko, na inafaa pale ugonjwa ulipo juu huku mguu ukiwa mzima. Dawa za shaba na za salfa zipo kwenye maduka ya kilimo na zinazuia kuvu wa majani na maua, lakini fikiria kabla ya kununua. Kunyunyizia mwembe wa mita kumi na zaidi kunahitaji pampu ya injini, na upepo wa mji huu utaipeleka dawa kwenye nguo, tangi na sufuria za majirani. Kwa mwembe wa kivuli usiouza matunda yake, sioni faida. Fagia majani na maembe yaliyooza yanayobeba mbegu za kuvu, toa vitawi vikavu, fungua kichwa kidogo upepo upite ndani. Hilo peke yake hupunguza madoa sana.

Tiba kubwa ya miti ya Mombasa iko chini, na ndiyo inayosahauliwa. Tunamwaga zege mpaka ligusane na shina ili uani uwe safi. Tunamwaga maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo, na kwenye viwanja vya gereji, mafuta machafu. Tunafunga waya wa kuanikia nguo mpaka unazama ndani ya gome. Mizizi inayolisha mti hukaa zaidi katika sentimita 60 za juu za udongo, na sehemu kubwa ya mji wetu chini ya hapo ni jiwe la matumbawe. Mizizi hiyo inahitaji hewa. Vunja zege angalau mita moja kuzunguka shina, mbili kama nafasi ipo. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse gome. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, mpe mti dhaifu maji mengi mara chache kuliko kidogo kila siku, na yawe maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi itakayouongezea maradhi.

Kuna tiba mbili nakuomba usizifanye. Ya kwanza ni kuziba tundu kwa saruji. Mti huyumba na upepo, saruji haiyumbi, na katikati yao hubaki unyevu unaoendeleza uozo. Ya pili ni kukwangua mbao iliyooza mpaka ufike kwenye nzima. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa msumeno katika miaka ya 1960 na 1970 na kuonyesha kwamba mti haurudishi mbao iliyooza. Hujenga mpaka ndani yake kuuzuia uozo, kisha huota mbao mpya nje ya mpaka huo. Ukikwangua, unauvunja mpaka wenyewe. Rangi na lami juu ya kidonda haviuzuii uozo. Chokaa nyeupe kwenye shina inapendeza, basi.

Dawa ya kurudisha shina lililoliwa na Ganoderma haipo. Anayekuahidi, mshukuru na umsindikize mpaka mlangoni.

Kupogoa na kukata kichwa ni vitu viwili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu fundi husema "nitaupunguza" na mwenye mti haulizi utapunguzwaje.

Kupogoa ni kuchagua tawi. Huondolewa makavu, yanayosuguana, na lile zito lililolala juu ya paa, na kila moja hukatwa pale linapotokea kwenye tanzu kubwa zaidi, nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye kiungo. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha, kwa hiyo usikatwe, wala kisiachwe kipande kirefu kilichochomoza. Tawi zito hukatwa kwanza chini, hatua moja kutoka shinani, kisha juu, likianguka ndipo kipande kilichobaki kinaondolewa. Bila mkato wa chini, tawi huchuna gome la shina likishuka, na umeanzisha ugonjwa mpya kwa mkono wako. Majani mabichi yanayoondolewa kwa mwaka yasizidi robo. Kwa mti mzee unaoumwa, iwe chini ya hapo.

Kukata kichwa ni kuzifyeka tanzu zote kuu kwa urefu mmoja, mti ubaki magogo yaliyosimama. Naelewa kwa nini watu huipenda. Bei ni ndogo, kazi inaisha kabla ya adhuhuri, nyumba inaonekana salama jioni hiyo, na baada ya wiki chache mti unachipua mpaka mtu anasema umefufuka. Mwarobaini huchipua kwa nguvu hasa, na ndiyo maana hufanyiwa hivi kuliko miti yote.

Machipukizi yale ni mti unaotumia akiba yake ya mwisho kutafuta majani. Yameshikwa na tabaka la nje tu, pembezoni mwa jeraha pana lisiloweza kufunga. Uozo hushuka kutoka kila gogo kuelekea shina. Gome la mwembe lililozoea kivuli huungua na jua na kupasuka. Baada ya miaka michache una matawi mengi, marefu, mazito, yamekaa juu ya mbao mbovu, juu ya paa lilelile. Hapo unalipa tena, au unaangusha mti ambao mwanzo ulikuwa na tawi moja baya. Kama uwezo wako ni wa kukata kichwa tu, pesa hiyohiyo itumie kuondoa kwa usahihi tawi moja linaloelekea paa, uache mengine.

Kupogoa nako kuna mpaka wake. Kunapunguza uzito na upepo unaoshikwa na kichwa, kwa hiyo kunaweza kuupa muda mti wenye pango la wastani. Mguu uliooza kwa Ganoderma hakuutengenezi.

Kuuangusha

Naupenda sana mti mkubwa uani, na bado kuna hali ambazo nitakwambia uuangushe bila kuvuta siku: uyoga mguuni huku chumba cha kulala kikiwa chini yake, mwinamo mpya, kitako kilichooza mpaka ukuta wa mbao nzima umepungua chini ya kile kipimo cha theluthi, au kichwa kilichokufa zaidi ya nusu.

Kinachofanya kazi hii iwe ghali karibu na nyumba ni kwamba mti hauanguki mzima. Hushushwa kipande kwa kipande kwa kamba, na mtu lazima apande. Ndiyo sababu kuahirisha kunakugharimu: mti uliokufa ukakauka hauna tawi la kuaminika la kufungia kamba wala la kukanyaga. Kazi ambayo mwaka huu ingefanywa na watu wawili au watatu, mwaka ujao itahitaji vifaa vikubwa, na wakwezi wazuri wataikataa.

Nyaya zikiwa karibu, Kenya Power waje kwanza wakate umeme au wayaondoe matawi yaliyo kwenye laini. Hili halijadiliwi na fundi anayesema amezoea. Kwa mwembe, wapandaji wavae mikono mirefu, maana utomvu wake huwasha na kutoa malengelenge, na kuni zake mbichi zisichomwe karibu na watu.

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Paa la bati lililokuwa kivulini litapata jua la Februari moja kwa moja. Na upande wa magharibi, Changamwe, Mikindani na Miritini, ardhi si matumbawe bali udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mti mkubwa uliokuwa ukinywa maji pale ukiondoka, udongo unaweza kuvimba na ukuta kupasuka miezi baadaye. Nyali na Bamburi, juu ya jiwe, hofu hiyo haina nguvu. Kwa hiyo watu wawili wenye mwarobaini wa ukubwa mmoja na ugonjwa mmoja wanaweza kuwa na haki ya kuamua tofauti, mmoja Bamburi na mwingine Mikindani.

Mnazi una hesabu yake

Mnazi hauna matawi ya kupogoa. Una chipukizi moja tu la kukua, kileleni. Likioza, mti umekufa, hata kama makuti ya chini bado ni kijani kwa muda. Njia zako ni mbili: kutibu au kuangusha.

Adui mkubwa ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele. Kuti likifunguka unaona limekatika kwa pembe zilizo sawa, utadhani mtu amelipitishia mkasi. Akigunduliwa mapema anatibika: mkwezi humtoa kwa waya wenye kulabu na kuweka mchanga kwenye makwapa ya makuti. Chonga huzaliana kwenye mboji, samadi na vigogo vya minazi iliyokufa, kwa hiyo mnazi mmoja mfu uani ni shida ya minazi yote ya mtaa. Uangushwe, gogo lipasuliwe na kuondolewa. Kilele kikiwa kimeanguka na nguzo peke yake imebaki, usingoje. Na ule mzima ulio juu ya baraza uangushwe nazi na makuti makavu kwa zamu. Hatari yake ya kila siku ni nazi.

Mti ni wa nani?

Mombasa swali hili lina uzito wake. Watu wengi hapa wana nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Tena pwani kuna desturi ya zamani ya miti kuwa na mwenyewe mbali na mwenye shamba, na kuna miembe na minazi iliyowekwa wakfu. Muulize mwenye ardhi, waulize wazee wa mtaa, na ikiwa ni wakfu wasiliana na makamishna wa wakfu kabla shoka halijagusa. Mti wa kando ya barabara ni mali ya umma, si wako. Hata kwenye kiwanja chako, pitia afisi ya mazingira ya kaunti kwanza, na kama mbao zitasafirishwa, Kenya Forest Service wanahusika na kibali. Mji wa Kale una afisi yake ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukuta wa zamani ukiwa karibu na mti, waarifu.

Mpangaji aliye chini ya mti mbovu amwandikie mwenye nyumba, apige na picha za mguu wa mti. Maneno ya mdomo hupotea.

Msimu na fundi

Kusi huanza kushika Aprili, na Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi. Udongo ukilowa na upepo ukaja, mizizi iliyooza huachia. Kazi kubwa ifanywe kabla, Januari hadi Machi. Mwembe una tatizo hapo, kwa kuwa msimu wa maembe unaishia katika miezi hiyohiyo. Ikiwa ni kupogoa tu, vuna kwanza kisha upogoe mwezi Machi. Ikiwa mguu umeoza, sahau maembe.

Ukilinganisha mafundi, usianze na bei. Yule anayetaja bei akiwa getini hajaukagua mti. Unamtaka anayezunguka shina, anayefukua udongo kidogo mguuni, anayekuonyesha kila tawi litashukia wapi. Muulize ana kamba ngapi na kofia ngapi. Kwa mti utakaobaki hai, asipande na viatu vya misumari, na kamwe asitumie msumeno wa injini akiwa juu ya ngazi. Mti wenye nyuki ndani ya pango umngoje mfuga nyuki kwanza.

Kisiki na mbao

Mwarobaini ulioangushwa mapema una soko: wachongaji wa ushirika wa Akamba kule Changamwe hutumia mbao yake mahali pa mpingo na muhugu, miti iliyopungua sana. Gogo lililooza kati hawalitaki. Mwembe mnene ulio mzima bado hutoa mtumbwi.

Kisiki cha mti uliokufa kwa Ganoderma kichimbwe pamoja na mizizi mikubwa, maana kuvu hubaki humo na kushika mti mpya utakaopandwa palepale. Usikichome kwa tairi karibu na ukuta, wala usikimiminie chumvi kama kuna kisima uani. Visiki vingine vikatwe usawa wa ardhi na kufunikwa kwa udongo, ila vile vya karibu na boriti za nyumba viondolewe kwa sababu ya mchwa. Mti wa badala upandwe mahali pengine, mita tatu au nne kutoka ukutani na mbali na shimo la choo, na uwe wa kimo kidogo: mlimau, mpera au mstafeli. Mwembe mpya na mwarobaini mpya vitafutiwe nafasi ya mita kumi.